Kofia ngumu inayokukaa sawasawa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa bodaboda na kijiwe changu kipo Ihumwa, ambako abiria wangu wengi huelekea Mji wa Serikali wa Mtumba. Kofia ngumu yangu ya kwanza ilinibana paji la uso hadi kichwa kikauma, nikanunua kubwa zaidi. Hii haiumi, lakini upepo ukivuma katika barabara kuu inageuka na kunifunika jicho. Nichagueje kofia isiyoniumiza na bado ikalinda kichwa? – Dereva, Ihumwa.

JIBU: Ndugu dereva, tunakusihi uache kuivaa hiyo kubwa, kwa maana kofia inayogeuzwa na upepo haitegemewi kubaki kichwani pale pikipiki itakapoanguka. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Anayeitupa njiani kabla kichwa hakijafika chini hana fungu katika manufaa hayo.

Maumivu uliyoyapata huenda hayakutokana na udogo wa kofia, bali na umbo lake. Kuna vichwa virefu kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na kuna vya mviringo. Kofia ya mviringo ikivaliwa na mwenye kichwa kirefu hukandamiza paji na kisogo huku ikiacha nafasi kwenye panja. Ukiongeza ukubwa, nafasi hiyo inaongezeka nayo. Dawa yake ni kujaribu kofia za watengenezaji wengine, ambazo ndani zimeumbwa tofauti, hadi upate ile inayokaza kwa kadiri moja pande zote.

Kabla ya kwenda dukani, azima futikamba kwa fundi nguo, uizungushe kichwani sentimita 2.5 hivi juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na mahali kisogo kilipotokeza zaidi. Rudia, kisha uchukue kipimo kikubwa. Kwa watengenezaji wengi M ni sentimita 57 hadi 58, na L ni 59 hadi 60, lakini vipimo hutofautiana, kwa hiyo soma lebo ya kofia yenyewe.

Ukiivaa, mashavu yabanwe kidogo, na ukiitikisa kushoto na kulia ngozi ya paji la uso ifuatane nayo. Kaa nayo kichwani dakika 15 au 20 kabla ya kulipa, hata kama muuzaji anaonyesha kuchoka. Mkazo ulioenea kichwa kizima unavumilika, ilhali sehemu moja inayochoma na kuacha alama nyekundu haitapona kwa kuzoea. Sponji mpya hulegea kadiri siku zinavyokwenda, na ndiyo maana kofia inayokuwa laini na huru siku ya kwanza itakuwa kubwa baada ya miezi michache. Hatimaye funga mkanda wa kidevuni, umwombe mwenzako aisukume kutoka nyuma ya shingo kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, irudishe rafuni.

Chunguza na ndani. Kinachokulinda hasa ni tabaka nene la povu gumu lililo kati ya sponji na gamba la nje, aina ileile inayokinga televisheni ndani ya boksi. Povu hilo hupokea kishindo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi, hivyo kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu inapaswa kuachwa hata kama gamba halina ufa. Kwa sababu hiyo hatushauri kununua ya mtumba. Nembo ya herufi E ndani ya duara, ikiambatana na namba inayoanza na 05 au 06, huonyesha kiwango cha Umoja wa Mataifa, lakini lebo huigizwa. Ukibonyeza ndani ukakuta sponji nyembamba juu ya plastiki tupu, hiyo ni kofia ya kumwonyesha askari tu.

Kwa jua na vumbi la Dodoma, chagua yenye matundu ya hewa na kioo kinachofunguka, tena yenye rangi nyeupe au hafifu. Kioo kimwagie maji kwanza ndipo ukifute, maana vumbi kavu hukikwaruza. Usisafishe gamba kwa petroli, kwani hulidhoofisha.

SWALI: Husuka nywele na kujifunga kilemba. Kofia ya dereva hukaa juujuu kichwani mwangu. Nifanyeje? – Mama wa Kisasa, Dodoma.

JIBU: Mama, kilemba kinene na fundo la utosini huinua kofia, ikaacha paji la uso wazi. Rasta zifunge chini, usawa wa shingo, na badala ya kilemba vaa kitambaa chembamba, ambacho pia kitakukinga na jasho la abiria waliotangulia. Mkanda upite chini ya kidevu na ubaki nafasi ya vidole viwili tu. Ikiwa unapanda bodaboda kila siku kwenda kazini, ni vyema ununue kofia yako, na uipime ukiwa umesuka kama ulivyozoea. Mtoto naye asivalishwe ya mtu mzima; anahitaji ya kipimo chake.