Jibu: Tuisheni ya hesabu kwa mtoto wa kidato cha kwanza

Habari dada. Umesema mwanao alifaulu vizuri darasa la saba, sasa kidato cha kwanza anapata F ya hesabu, na hujui umpeleke kituo kipi kati ya viwili.

Kabla hujalipa, chukua swali alilokosa, msomee kwa Kiswahili. Akilipata, kinachomkwamisha ni Kiingereza, maana shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Binti yangu alikuwa hivyohivyo.

Kisha omba ukae darasani kipindi kimoja, na uangalie madaftari: yamesahihishwa? Kituo kimoja nilikikataa, watoto wamebanana hadi mlangoni, mwalimu anajaza ubao tu. Bora banda la mabati lenye mwalimu anayesahihisha. Usingoje kidato cha pili, maana akifeli ule mtihani wa taifa atarudia mwaka.