Kipato kimepandishwa na kuku, au na alizeti?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mradi wetu hapa Singida huwapa akina mama vifaranga na chanjo ya kideri. Waliojiunga mwaka juzi sasa wana kipato kikubwa kuliko majirani wasiojiunga, lakini mfadhili anasema huo si ushahidi. Kwa nini? Mwakani tunaingia vijiji 40 vipya, ila vifaranga vitatosha nusu tu.

JIBU: Njema. Mfadhili yuko sahihi, ingawa najua inauma. Mama anayewahi kujiandikisha mara nyingi ndiye yule yule mwenye genge lake, au ambaye mumewe hamzuii kwenda mikutanoni. Hata bila kifaranga kimoja huenda angewazidi wenzake. Kupima kabla na baada nako hakutoshi: bei ya alizeti ikipanda mwaka huo, sifa watapewa kuku.

Busia, Kenya, watafiti akiwamo Michael Kremer (mmoja wa washindi watatu wa Nobel ya uchumi mwaka 2019) walichunguza chati za kufundishia, zile za kutundika ukutani. Ukitazama takwimu za kawaida, shule zenye chati zilifaulisha zaidi. Zikachukuliwa shule 178, nusu zikapewa chati bila kuangalia ipi ni bora. Alama hazikupanda. Kumbe shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo zilikuwa na mengine mengi ya kuzibeba.

Kwa hiyo uhaba wenu wa vifaranga ni bahati. Andikeni majina ya vijiji 40 kwenye vikaratasi, mchezeshe kura mbele ya watendaji wa vijiji, vitoke 20. Vilivyobaki viwe vya kulinganishia, vipate mwaka unaofuata, hakuna anayenyimwa. Kura iwe ya vijiji, si ya mama mmoja mmoja, maana jogoo wa mradi hajui mpaka wa ua, na kideri kikipungua kwa huyu, kuku wa jirani nao wanapona. Dawa za minyoo huko huko Busia zilionyesha jambo hilo: hata watoto ambao hawakumeza walipungukiwa minyoo. Kremer na Edward Miguel waliligundua kwa sababu walilinganisha shule kwa shule, 75, badala ya mtoto kwa mtoto.

Pimeni vijiji vyote 40 kabla ya kura. Msiulize "kipato chako ni kiasi gani". Ulizeni kuku na mayai waliyouza mwezi uliopita. Na mama aliyeuza vifaranga vyote wiki ya pili, msimfute kwenye hesabu. Naye ni matokeo ya mradi.