Nilisoma Pedagojia, nataka kuingia udaktari: biolojia niisomeje?

Swali: Jambo Dokta. Niko hapa Goma, mtaa wa Katindo. Diploma yangu ya serikali ni ya Pedagojia, na sasa nataka kufanya mtihani wa kuingia kitivo cha udaktari huko Bukavu. Imebaki miezi miwili. Rafiki aliyesoma Kemia-Biolojia ameniazima madaftari matatu, nimeyakariri karibu yote, lakini nikijipima kwa maswali ya miaka iliyopita nakosa nusu. Nianzie wapi?

Jibu: Jambo sana, mdogo wangu. Kwanza ondoa hofu ya Pedagojia. Aliyesoma Kemia-Biolojia amekutangulia kwa msamiati na kwa kemia, na hayo yanafidiwa. Kinachokuangusha ni kukariri. Umehifadhi majibu ya "ni nini", na mtihani wa udaktari unauliza zaidi "kwa nini" na "hapa pakiharibika, kutatokea nini".

Tuchukue selimundu, ule ugonjwa ambao huku wengi wanauita SS. Daftari litakuambia ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Ni kweli, ila sentensi hiyo haikusogezi mbali. Fuata njia yake yote. Katika jeni ya beta-globini (sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu), iliyoko kwenye kromosomu ya 11, herufi moja imebadilika: GAG imekuwa GTG, na kwenye ARN mjumbe (RNA, nakala inayobeba ujumbe wa jeni) utasoma GUG. Matokeo yake, asidi ya amino ya sita inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Valini inakwepa maji, kwa hiyo hemoglobini ikishaachia oksijeni, molekuli zake zinashikana na kufanya nyuzi ngumu. Chembe nyekundu inapinda, inakwama kwenye mishipa midogo, inavunjika mapema. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na wengu kuharibika hadi mtoto anashambuliwa kirahisi na bakteria kama pneumokoki.

Umeona? Kwa ugonjwa mmoja umepita kwenye ADN (DNA), protini, damu, mzunguko wa damu na kinga. Ukiongeza kwamba mtu wa AS, yaani mwenye jeni moja nzima (A) na moja yenye kasoro (S), analindwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali, umegusa na uteuzi wa asili. Mtunga maswali anaweza kukukamata popote kwenye mnyororo huo, na aliyekariri pete moja moja hatajua inayofuata.

Sasa upande wa urithi, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Baba na mama wote ni AS. Wana binti wa miaka 20, mzima kabisa, hajawahi kuugua ugonjwa huo. Uwezekano gani kwamba yeye ni AS? Wengi wanaandika 1/2 bila kusita. Chora jedwali: AA, AS, AS, SS. Tumeshaambiwa ni mzima, kwa hiyo SS inatoka. Zinabaki nafasi tatu, na mbili kati yake ni AS. Jibu ni 2/3. Akiolewa na mwanaume wa AS, uwezekano wa mtoto wao wa kwanza kuwa SS ni 2/3 mara 1/4, yaani 1/6. Na wazazi AS wakishapata mtoto SS, anayefuata bado ana 1/4 ile ile. Kila mimba inaanza hesabu yake upya, ingawa nyumbani utasikia watu wakisema "sasa zamu imepita".

Mtego mwingine ni kugawanyika kwa chembe. Usikariri picha za kitabuni, shika kanuni moja: hesabu sentromea (pale kromatidi mbili, yaani nakala mbili za kromosomu, zinaposhikana), hiyo ndiyo idadi ya kromosomu. Chembe ya mwanadamu kwenye profazi ya mitosisi ina kromosomu 46 na kromatidi 92. Kwenye anafazi sentromea zimeachana, basi kromosomu ni 92. Kwenye metafazi ya pili ya meyosisi ni kromosomu 23, kromatidi 46. Ukiweza kuyachora hayo bila kuangalia popote, sura hiyo umeimaliza.

Kuhusu ATP, molekuli inayoipa chembe nishati, utakuta madaftari ya zamani yanasema glukosi moja inatoa 36 au 38, vitabu vipya vinasema 30 hadi 32. Usipoteze usiku kwa ugomvi huo. Glikolisisi, hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi, inabakiza faida ya ATP 2, na hapo vitabu vyote vinakubaliana. Jua zaidi ni wapi kila hatua inafanyika na oksijeni inaingia wapi.

Baada ya chembe na jenetikia, nenda kwenye mwili wa binadamu: moyo, figo, homoni, neva. Usome vilevile kwa kufuata njia. Kwa mfano, mtu akikaa wiki kadhaa mahali pa juu sana, figo zinahisi oksijeni imepungua, zinatoa homoni ya erithropoyetini, uboho unaongeza chembe nyekundu. Mimea isome kwa haraka, lakini usanisinuru usiuache. Na kwa kuwa unaishi kando ya Ziwa Kivu, ujue kwamba sehemu kubwa ya metani iliyo chini kule inatengenezwa na arkea, viumbe vidogo vya chembe moja ambavyo si bakteria.

Namna ya kufanya kazi kila siku ni hii: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika mnyororo mzima kutoka kichwani. Unapokwama ndipo unapofungua. Mweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha uandike upya kwa Kifaransa, kwa sababu utajibu kwa Kifaransa. Kwenye maswali ya zamani, usiridhike kujua jibu sahihi; andika pia kwa nini kila moja ya yale mengine ni kosa. Neno "sauf" (isipokuwa) likitokea, lizungushie duara kabla hujasoma machaguo. Kila mwaka wapo wanaolijua somo vizuri na bado wanalipita neno hilo.

Hukuniuliza kemia, lakini kwako wewe wa Pedagojia ndiyo itakayouma. Toa saa moja kila siku kwa moli, pH na asidi, la sivyo hata biolojia ya figo na damu itakuwa giza.

Ukienda kujiandikisha, soma tangazo lenyewe pale sekretariati, usitegemee ya kuambiwa, na uulize kama jibu baya linapunguza alama. Tuseme kuna machaguo matano na kosa linakata robo ya alama. Ukibahatisha bila kujua lolote, kwa wastani hupati wala hupotezi. Lakini ukishaondoa mawili kwa uhakika, kubahatisha kati ya matatu kunakupa faida ya wastani wa 1/6 ya alama kwa kila swali, basi jibu. Kosa likikata alama nzima, hata ukibaki na mawili hupati faida yoyote. Jibu pale tu unapoegemea upande mmoja kwa sababu unayoweza kuitaja.