Maswali na Majibu: Dondo Lililofifia, Unga Mweupe Kwenye Droo na Picha za Makombe

Siku gani ni nzuri kwenda kutafuta makombe (magamba ya konokono wa baharini), na nitajuaje kama ndani hamna kitu? (Bamburi)

Fuata mwezi. Siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu huwa bamvua, na pwani yetu maji hupwa sana kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Ingia ufukoni saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho, utembee ukiyafuata yanavyorudi nyuma. Maji yakianza kujaa, geuka. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, hayana faida kwa kazi hii.

Kutazama mdomo wa kombe tu hakutoshi, kwa sababu kaa wanaohamia makombe matupu hujivuta ndani kabisa wakiguswa. Liweke kombe kwenye beseni la maji ya bahari, kivulini, dakika 15, bila kulitikisa. Ukiona miguu, au kifuniko kigumu kimeziba mdomo, lirudishe pale pale ulipolitoa. Jiwe ulilopindua nalo lirudishe lilivyokuwa: viumbe vya upande wa chini hufa vikiachwa juani. Na ndani ya hifadhi za bahari, kama Watamu, Malindi, Mafia au Chumbe, usichukue hata kombe tupu. Huko piga picha tu.

Niliokota madondo matano, nikayaloweka usiku kucha kwenye dawa ya kupaushia nguo ili yatoke harufu. Sasa yamefifia, hayang'ai tena. Yatarudi? (Tanga)

Pole sana, hayatarudi. Dondo ni aina ya kauri, na mng'ao wa kauri hutengenezwa na mnyama mwenyewe: akiwa hai hutoa ngozi yake laini kutoka pande mbili, akafunika mgongo wote wa gamba na kuongeza tabaka nyembamba moja baada ya nyingine. Mnyama akishakufa hakuna wa kuongeza nyingine. Mafuta ya watoto yakipakwa tone moja kwa kitambaa yatarudisha rangi kidogo kwa muda, lakini vanishi usipake, huwa ya manjano na haitoki.

Safari nyingine, ujue harufu inatoka kwenye mabaki ya nyama yaliyonasa ndani. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa siku tano hadi saba, ukibadilisha maji kila siku. Usiruke siku, maana maji yaliyooza nayo hula mng'ao. Kila ukibadilisha, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji kwa nguvu kwenye ufa wa mdomo mpaka yatoke safi. Malizia kwa mswaki laini na sabuni kidogo ya vyombo, kisha kausha kivulini, mdomo ukiangalia chini. Usichemshe: joto la ghafla hutia nyufa ndogondogo kama za kikombe cha zamani.

Dawa ya kupaushia ina kazi yake kwa makombe yasiyong'aa, yaliyoshikwa na mwani na utando: kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji, saa chache tu, ukikagua kila nusu saa. Siki na ndimu weka mbali kabisa. Gamba ni kalsiamu kaboneti, asidi huliyeyusha. Na siki ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Makombe yangu yameota unga mweupe kwenye droo ya mbao, na nikifungua nasikia kama harufu ya siki. Ni ukungu? (Mombasa)

Siyo ukungu. Ni kinachoitwa ugonjwa wa Byne, kwa jina la Mwingereza aliyeuandikia mwaka 1899 akidhani unaletwa na bakteria. Ukweli ni kwamba mbao, kadibodi na gundi za mbao za viwandani hutoa mvuke wa asidi. Ukichanganyika na unyevunyevu wa pwani, uso wa gamba hugeuka chumvi. Unga huo ndio gamba lako linavyoisha.

Toa yote leo. Osha kwa maji safi na mswaki laini, loweka usiku mmoja, kausha siku kadhaa mpaka ndani kabisa. Hifadhi kwenye visanduku vya plastiki ngumu au kabati la chuma, na vifuko vya silika jeli vya kunyonya unyevu. Alama zilizokwisha kulika zitabaki. Vikaratasi vya mahali na tarehe ulipookota usivitupe, viandike upya kwa penseli.

Nikipiga picha ya kauri kwa simu, linatokea doa jeupe mgongoni. Nimebadilisha simu, bado. (Dar es Salaam)

Simu haina kosa. Mgongo wa kauri ni kioo cha mviringo: doa lile ni dirisha lako, au taa ya simu. Zima taa ya simu. Bandika karatasi ya kuokea mikate au shuka jembamba jeupe dirishani. Doa litageuka mwanga laini uliotandaa. Upande wa pili simamisha kadi nyeupe ya ukubwa wa daftari, ipunguze kivuli.

Chini tandika kitambaa cheusi cha mahameli, na kombe lisimame juu ya kipande cha udongo wa kuchezea kilichofichwa nyuma. Rudi nyuma nusu mita na uvute kwa lenzi ya mara mbili, kwani ukisogea karibu sana umbo huvimba katikati. Gusa kombe kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha punguza mwangaza: simu ikiona weusi mwingi hujaribu kuung'arisha, na kombe ndilo linaloungua, yaani huwa jeupe kupita kiasi. Tumia kipima muda cha sekunde mbili. Piga upande wa mdomo na upande wa mgongo, rula ya milimita ikiwa kando.

Kombe zuri lenye umbo la koni, hai, naweza kulishika kidogo tu nipige picha? (Kilwa)

Usilishike, wala kwa glovu, wala upande mnene. Konokono huyo hurusha jino lenye sumu, na baadhi ya aina zilizopo pwani yetu zimeua watu. Dawa ya kuzuia sumu yake haipo. Piga picha akiwa majini. Aliyechomwa afungwe bendeji pana kiungo chote, asitembee, apelekwe hospitali mara moja, na pumzi yake iangaliwe njia nzima.

Kwenye picha yangu mdomo wa kombe uko kushoto. Nimeambiwa ni adimu sana. (Lamu)

Chukua kombe lenyewe, ncha juu, mdomo ukikuelekea. Ukiuona kulia, basi picha ilipigwa kwa kamera ya mbele, ambayo simu nyingi huigeuza kama kioo. Ukiuona kushoto na kombe halizidi sentimita moja, jembamba, lenye vinundu, huenda ni la konokono wadogo wa baharini wa jamii ya Triphoridae, ambao karibu wote huzaliwa hivyo.