Re: Nani alichunguza vifo vijijini Kusini mwa Marekani karne ya 19?

Mkuu umeuliza enzi zile mtu akikutwa amekufa shambani nani anachunguza, maana wapelelezi hawakuwepo. Kazi ilikuwa ya koroneri, yaani afisa wa kuchunguza vifo vya ghafla (sio korona ile ya barakoa jamani). Akipata taarifa anakusanya wanaume wazungu wa jirani, wanaapishwa, wanaikagua maiti yenyewe kwa macho, wanasikiliza mashahidi halafu wanaandika amekufaje. Haina jeraha na hakuna anayejua kitu? Wanaandika amechukuliwa na Mungu, imeisha hiyo.

Chukua kaunti ya Edgefield, South Carolina, ilikuwa na sifa mbaya ya ugomvi balaa, ndo kwao mbunge Preston Brooks aliyemshushia bakora seneta Sumner mule mule ukumbini mwa Seneti mwaka 1856. Hata mtumwa akifa ghafla jopo liliitwa, ila sasa wanaokaa ni majirani wa bwana wake, na kortini mtu mweusi haruhusiwi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, hapo unategemea nini?

Ila sio vifo vyote vilikuwa vya visu na bastola, wengine walevi wamezama mtoni, wengine watoto, gauni la pamba limegusa moto wa kuni mama yupo nje anachota maji.