Muulize Fundi: Spika za nyuma zimenyamaza, niiuze homu thieta?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Tuna homu thieta ya spika tano na sabufa, ya mwaka 2011, na miaka yote hii haikutusumbua. Kabla ya Ramadhani kijana wangu alituletea TV mpya kutoka Mombasa, akaitundika ukutani na kuiunganisha kwa waya ule ule mwembamba wa mwanga tuliokuwa nao. Tangu siku hiyo spika za nyuma hazitoi kitu. Kwenye kidirisha cha homu thieta palikuwa pakitokea maneno Dolby Digital, sasa kila wakati ni PCM. Taarifa ya habari inasikika, lakini tukitia flashi ya filamu, nyingine zina sauti na nyingine ni picha tupu. Tena kuna wakati sauti yakatika ghafla kwa sekunde moja hivi, kisha yarudi. Fundi mmoja amekuja akasema amplifaya imekufa, niwauzie wanunuzi wa vyuma. Niiuze?
Mama wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Usiiuze. Mwenyewe umeniandikia kwamba taarifa ya habari inasikika, na inasikika kupitia homu thieta hiyo hiyo. Amplifaya iliyokufa haitoi sauti ya habari wala ya kitu kingine chochote. Kabla mtu hajakubebesha mzigo huo mpaka kwenye boti ya Mokowe, tia DVD ya filamu ndani ya homu thieta yenyewe, uiache icheze. Hapo sauti haipiti kwenye TV wala kwenye waya wa mwanga, inatoka kwenye sahani moja kwa moja hadi kwenye spika. Spika zote tano zikisema, basi amplifaya ni nzima, spika ni nzima, na nyaya zake ni nzima. Kipimo hicho hakina gharama, na nasikitika kwamba aliyekuja nyumbani kwako hakukifanya kabla ya kutamka neno vyuma.

Mimi naamini spika zote zitasema. Dalili zote ulizotaja zinaelekeza kwenye TV mpya na namna ilivyotundikwa, na kila dalili ina sababu yake. Tusizichanganye, kwani ndipo watu wanapopoteza pesa: wanatafuta ugonjwa mmoja wa kueleza kila kitu, wasipouona wanabadilisha mashine.

Tuanze na spika za nyuma. Kile kidirisha cha mbele ndicho shahidi wako mkubwa. PCM ni sauti ambayo TV imekwisha kuifungua yenyewe, na kwenye waya wa mwanga PCM hupita kwa njia mbili tu, kushoto na kulia. Dolby Digital ni sauti ya njia sita, spika tano na sabufa, iliyobanwa ili ienee kwenye waya huo huo, na inayoifungua ni homu thieta. TV yako ya zamani ilikuwa ikiipitisha bila kuigusa. Hii mpya imewekwa iifungue kwanza, ibakishe njia mbili, halafu ndiyo iitume. Homu thieta inapokea kushoto na kulia, inatoa kushoto na kulia. Haina kosa lolote.

Chukua rimoti ya TV, ingia kwenye mipangilio, upande wa sauti, utafute pale panapohusu sauti ya dijitali inayotoka nje. Kila mtengenezaji hupaita kwa jina lake, lakini utakutana na neno PCM likiwa limechaguliwa. Lihamishe liwe Dolby Digital, au Bitstream, au Auto, kulingana na TV yako inavyoandika. Kisha tia filamu ambayo unajua ilikuwa ikitoa sauti spika zote, uangalie kidirisha. Maneno Dolby Digital yakirudi, upande huo umekwisha.

Nikuonye jambo moja usije ukahangaika. Taarifa ya habari na vipindi vingi tunavyopata kwenye king'amuzi tangu analogi izimwe mwaka 2015 vina sauti ya njia mbili tangu kule vinakotoka. Spika za nyuma zikinyamaza wakati wa habari, hiyo ni haki yake. Ukitaka zisikike hata hivyo, tafuta kwenye rimoti ya homu thieta kitufe cha Pro Logic, ambacho hutandaza zile njia mbili kwenye spika zote. Kwangu mimi habari inaeleweka zaidi ikitoka mbele peke yake, lakini ni nyumba yako na masikio yako.

Sasa zile filamu za picha tupu. Hapa fanya hivi: badilisha sauti itoke kwenye spika za TV yenyewe, kisha cheza filamu mojawapo iliyo bubu. Ikiwa hata kwenye TV ni kimya, homu thieta haihusiki kabisa. Nina hakika utakuta kwamba filamu hizo zina sauti ya aina ya DTS. Hii ni ndugu yake Dolby, nayo ni nzuri sana, lakini huhitaji leseni yake, na kuanzia mwaka 2018 baadhi ya watengenezaji wakubwa wa TV waliacha kuitia kwenye mashine zao. TV ya zamani ilikuwa nayo, mpya haina. Picha inaisoma, sauti haijui hata herufi moja.

Kwanza bonyeza kitufe cha kuchagua lugha ya sauti wakati filamu inacheza, kwa sababu mafaili mengi huwa na sauti zaidi ya moja ndani yake, na ya pili huenda ni Dolby. Ikiwa hakuna, mwachie kijana wako kazi hii afanye kwenye kompyuta. Ipo programu ya bure iitwayo ffmpeg. Aiagize ibadilishe sauti peke yake iwe AC3, ambalo ndilo jina la Dolby Digital ndani ya mafaili, kwa kilobiti 448 kwa sekunde, na picha aiache kama ilivyo. Picha isipoguswa kazi ni ya dakika chache kwa filamu moja, na ubora wa picha haupungui hata kidogo. Kiwango hicho cha 448 ndicho cha juu kinachotumika kwenye DVD, kwa hiyo homu thieta yako inakifahamu vizuri.

Hilo la sauti kukatika na kurudi ndilo ningependa ulishughulikie kwa mikono yako, mama, tena kwa upole.

Waya wa mwanga hauna shaba ndani. Ni uzi wa plastiki wenye unene wa milimita moja, na kinachopita ndani yake ni mwanga mwekundu unaowaka na kuzima kwa kasi kubwa. Uzi huo hauogopi chumvi ya bahari, na katika miji yetu hiyo ni neema, lakini unaogopa mambo mawili: kukunjwa na vumbi. TV ya zamani ilikaa juu ya meza, na nyuma yake palikuwa na nafasi. Mpya imebanwa ukutani. Kama tundu lake linatazama ukuta moja kwa moja, plagi haina pa kwenda isipokuwa kukunjika pale pale inapotokea. Kuta za Lamu ni mawe na chokaa, hazisogei hata kidogo, kwa hiyo anayesogea ni waya. Mwanga unafika kwa shida, na mtu akipita kwa kishindo au mlango ukibamizwa na upepo, unakosekana kwa kitambo, nayo homu thieta inanyamaza mpaka iupate tena.

Zima kila kitu, mwombe kijana aishushe TV. Chomoa plagi upande wa TV kwa kuishika kichwani, usivute waya. Tazama ncha yake: kuna kijidoa kinachong'aa mfano wa punje ya mtama. Kama kimefunikwa na ukungu mweupe, hilo ni vumbi la chokaa lililodondoka wakati ukuta ulipokuwa ukitobolewa kwa drili. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, kile cha kufutia miwani. Usiloweshe kwa mate na usikwangue kwa ukucha, kwa sababu mchubuko kwenye ncha hiyo hauponi.

Rudisha plagi kwenye TV, chomoa ule upande wa homu thieta, washa TV, uelekeze ncha kwenye kiganja chako gizani. Utaona doa jekundu. Sasa mtu mwingine akunje na kukunjua waya taratibu nyuma ya TV. Doa likififia mahali fulani, hapo ndipo ulipovunjika, na waya huo haurekebishiki. Lisipofifia, waya ni mzima na kilichotakiwa ni nafasi tu. Nunua plagi ya kona, ipo kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki, au mwambie kijana aweke vipande vya mbao nyuma ya kile chuma cha kutundikia ili TV isogee mbele kidogo. Waya wenyewe usiupinde kwa mviringo mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa.

Ukilazimika kununua waya mpya, chungulia ncha zake kabla ya kuzitia. Huja na vifuniko vidogo vya plastiki, vingine havina rangi kabisa. Watu huvitia hivyo hivyo, wakasema waya ni mbovu.

Unaweza pia kukuta kwenye tundu moja la HDMI la homu thieta herufi ARC, yaani njia ya TV kurudisha sauti kwenye homu thieta kwa waya wa HDMI, kwa kuwa njia hiyo ilianza mwaka 2009, kabla mashine yako haijatengenezwa. Ikiwa zipo huku na kule kwenye TV, waya mmoja wa HDMI utafanya kazi ya ule wa mwanga, na rimoti moja itaongeza sauti. Lakini kwa ubora wa Dolby Digital hakuna utakachopata zaidi. Asikushawishi mtu kununua kwa sababu ya hilo.

SWALI: Fundi, nipo Malindi mtaa wa Barani. Mimi natumia hiyo HDMI ya ARC. Kila stima ikipotea na kurudi, sauti haiji mpaka nichomoe na kuchomeka mara nyingi. Waya nimeshabadilisha.

JIBU: Ndugu yangu, TV na spika huanza kwa kuulizana "wewe nani, unafahamu sauti gani?" Stima inaporudi zote zinaamka pamoja, moja inauliza kabla nyingine haijawa tayari, na mazungumzo yanavunjika. Zichomoe zote mbili kutoka kwenye soketi, si kuzima kwa rimoti, uziache dakika chache. Rudisha TV peke yake, ingoje mpaka ifunguke kabisa, ndipo urudishe spika. Zote ziwe kwenye gadi ya TV, ile inayongoja kidogo kabla ya kupitisha stima, maana mshtuko wa kurudi ndio unaoua bodi. Na hapa petu pwani kagua meno ya HDMI: ukiona rangi ya kijani, hiyo ni kutu iliyoletwa na chumvi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi inatosha, stima ikiwa imezimwa.

SWALI: Mambrui hapa. Homu thieta yangu haina tundu la mwanga, ina la rangi ya machungwa tu, na TV pia inalo. Waya wake nimetafuta nimekosa.

JIBU: Unao nyumbani. Katika zile nyaya tatu za zamani za DVD, nyekundu, nyeupe na njano, chukua ule wa njano. Ulitengenezwa kwa picha, na una kile kipimo cha umeme cha omu 75 kinachotakiwa na sauti ya dijitali. Utie machungwa kwa machungwa. Usiutie kwenye matundu ya nyekundu na nyeupe, utasikia mkwaruzo tu.