Jibu: Igizo la kukejeli vita kwa midoli ya nyumbani

Ndugu, unasema igizo lenu la midoli hapo Mikindani watoto wa mbele walicheka, wa nyuma wakaanza kuondoka. Tatizo ni ukubwa. Mdoli wa sentimita 15 ukishakaa mita tano hauonekani uso. Jenerali awe mwanasesere mkubwa kuliko wote, afungwe kwenye ufito wa mwanzi wa sentimita 40 kwa waya mwembamba. Gundi pwani huachia kwa joto na unyevu. Kifaru tengenezeni kwa kopo la maziwa na magurudumu ya ndala kuukuu. Pazia liwe shuka la rangi moja, maana khanga ya maua humeza kila kitu.

Askari wawe vizibo vya soda. Jenerali avihesabu kwa sauti, avisukume mbele, debe lipigwe mara moja tu kama mlio wa bunduki, kisha ahesabu tena vilivyobaki na kuagiza katoni nyingine. Hapo ndipo kicheko kilipo, msikieleze. Anayesema atikisike, wengine watulie tuli. Wakicheza wote, hajulikani nani anaongea.

Ugomvi uwe wa ndoo ya korosho, wala jenerali asipewe lafudhi ya kabila lolote. Na mkienda vijiji vya kando ya mto Ruvuma, kumbukeni kuna watu waliokimbia vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji: mchekeni anayeamuru, kamwe si anayekimbia na mzigo kichwani. Hapo hata debe liacheni, lisiwakumbushe bunduki; gongeni meza kwa kiganja.

Dakika 15 zinatosha.